Huyu Pichichi wa kwenye La Liga alikuwa nani hasa?

MtotoWaMwanjelwa

Habari za jioni wanajamvi. Naomba kujuzwa na wanaofuatilia soka la zamani. Kila msimu wa La Liga, ligi kuu ya Hispania, ukielekea ukingoni utasikia watangazaji: fulani anawania Pichichi, zawadi ya mfungaji bora, fulani kashabeba Pichichi. Jana kwenye banda umiza letu hapa Mwanjelwa ukazuka ubishi mpaka mwenye banda akapunguza sauti ya TV. Mmoja anasema ni kampuni inayodhamini zawadi, mwingine anaapa ni straika wa Real Madrid wa enzi za Di Stéfano. Kuna kreti ya soda imewekwa dau. Kama yupo mtu anayejua maisha yake, siyo jina tu, atiririke tafadhali.

Filimbi_Tukuyu

Kijana, shikamoo hujatoa lakini nimeipokea. Wote wawili wamekosa, kreti ije Tukuyu.

Pichichi ni jina la utani la Rafael Moreno Aranzadi, mzaliwa wa Bilbao, 23 Mei 1892. Usidhani ni mtoto wa kukimbiza mpira wa makaratasi mtaani. Baba yake alikuwa mwanasheria na aliwahi kuwa meya wa mji huo, na upande wa mama ana undugu na mwandishi mkubwa wa Hispania, Miguel de Unamuno. Naye akapelekwa kusoma sheria, lakini akili ikabaki uwanjani. Umbo halikuwa la kutisha hata kidogo: mfupi, mwembamba, kichwani kitambaa cheupe. Ukimwona kwenye picha ya timu unaweza kudhani ndiye mbeba maji. Mpira ukiingia kwenye boksi ndipo unajua ni nani.

Athletic Bilbao alicheza kuanzia 1911 mpaka 1921. Uwanja wa San Mamés ulipofunguliwa 21 Agosti 1913, mechi na Racing de Irún, bao la kwanza kabisa la uwanja ule ni la kwake. Fainali ya Kombe la Mfalme ya 1915 waliwakung'uta Español 5-0, yeye akaweka matatu. Kombe hilo alilibeba mara nne: 1914, 1915, 1916 na 1921.

Sasa tega sikio. Ligi ya Hispania imeanza 1929. Pichichi amefariki 1922. Yaani zawadi ya mfungaji bora wa ligi ina jina la mtu ambaye hakugusa mpira wa ligi hata dakika moja! Enzi zake mlicheza mashindano ya mkoa, bingwa ndiye anakwenda Kombe la Mfalme, wengine mnarudi kazini. Zawadi yenyewe gazeti la Marca lilianza kuitoa msimu wa 1952/53, mwenye jina yuko kaburini miaka 30.

Kinachonigusa mimi ni mwisho wake, maana nami nilicheza winga timu ya wilaya, goti likagoma, nikashika filimbi. Miaka yake ya mwisho mashabiki wa San Mamés walianza kumzomea. Kachoka, anaringa, hakimbii. Watu walewale waliokuwa wanambeba! 1921 akatundika daluga, kisha akarudi uwanjani kama mwamuzi.

Asiyewahi kuchezesha hawezi kuelewa uzito wa hilo. Huku Rungwe nimechezesha ndondo mvua inamwagika, mistari ya majivu imeoshwa yote, mpira umetoka au haujatoka unajua wewe na Mungu wako, na anayekutukania mama nyuma ya goli ni jirani uliyekunywa naye chai asubuhi. Ukiwa mgeni unavumilia, utaondoka na gari la jioni. Ukiwa mwenyeji kesho mnakutana sokoni kwenye ndizi. Huyu bwana alizomewa kwao akicheza, akaamua kurudi mbele ya watu haohao na filimbi mdomoni. Kwa hilo namvulia kofia kuliko kwa mabao yote.

Hakudumu. Homa kali ilimchukua ghafla 1 Machi 1922, hajafikisha miaka 30. Ndipo Bilbao ikamkumbuka. 1926 wakamwekea sanamu ya kichwa na mabega uwanjani, na mpaka leo timu inayokanyaga San Mamés kwa mara ya kwanza huweka shada la maua pale. Uwanja mpya ulipofunguliwa 2013 sanamu ikahamishwa na desturi ikahama nayo. Wale wazomeaji sijui maua yao waliweka wapi.

Mkwawa_Jr

Kamwene wote. Mzee Filimbi shikamoo, umeshusha nondo. Ila mimi wa Iringa nina neno. Kama tunatafuta mtu wa enzi hizo wa kupewa zawadi ya mabao, basi ni Paulino Alcántara wa Barcelona. Kazaliwa Iloilo, Ufilipino, 1896, baba askari wa Kihispania, mama Mfilipino. Februari 1912, akiwa na miaka 15, anaanza mechi yake ya kwanza Barcelona na anatupia matatu. Mpaka anastaafu ana mabao 369, rekodi ya klabu ambayo Messi ndiye aliyekuja kuivunja 2014. Mwaka 1922 kule Bordeaux, Hispania na Ufaransa, alipiga shuti likatoboa nyavu. Huyo naye mnamweka wapi?

Filimbi_Tukuyu

Marahaba. Hizo 369 umehesabia na mechi za kirafiki, na Barcelona ya wakati ule ilicheza za kirafiki nyingi mno. Pichichi ana mabao zaidi ya 80 kwenye mechi za mashindano zisizofika 90. Piga hesabu mwenyewe. Lakini sibishi kwamba Alcántara alikuwa mtu wa shoka. Alisomea udaktari, na Olimpiki ya 1920 alikataa kwenda kwa sababu ya mitihani! Leo nani atamwambia kocha wa taifa nina mtihani wa anatomia? 1927 akaacha mpira, akaenda kutibu watu.

MtotoWaMwanjelwa

Shikamoo mzee wangu, naomba radhi kwa kuchelewa, na ndaga fijo kwa darasa. Swali dogo: hawa walikuwa wanalipwa? Mbona mtoto wa meya na daktari ndio wanasukuma ngozi?

Filimbi_Tukuyu

Ndiyo maana hasa. Mpira wa kulipwa Hispania umehalalishwa 1926. Kabla ya hapo kisheria ni ridhaa, ingawa bahasha za chini ya meza zilikuwepo kama zilivyo popote. Kwa hiyo aliyekuwa na nafasi ya kufanya mazoezi mchana ni mwenye baba mwenye uwezo, au mwanafunzi. Sisi timu ya wilaya tulipewa nauli ya kwenda Kyela na soda moja moja, na aliyekuwa na zamu ya kuchuma chai siku hiyo hakuja, hata awe fundi vipi. Vipaji vingi vimeishia kwenye kikapu cha chai. Nina hakika na Bilbao wapo walioishia kwenye migodi ya chuma, tusiowajua majina.

Mkwawa_Jr

Hapo umenimaliza mzee. Na ile zawadi ya makipa inayoitwa Zamora je, ni mtu au ni mji?

Filimbi_Tukuyu

Mji upo, ila zawadi ni ya mtu, Ricardo Zamora, na yeye na Pichichi walikuwa timu moja! Olimpiki ya Antwerp 1920 ndiyo mara ya kwanza Hispania kuingiza timu ya taifa uwanjani. Zamora ana miaka 19 golini, Pichichi mbele. Wakaanza kwa kumfunga Denmark 1-0, wakapigwa 3-1 na Ubelgiji wenyeji, wakabaki kugombea nafasi ya pili. Mechi na Italia, Zamora akamtwanga mtu, mwamuzi akamtoa nje. Sub hakuna, mchezaji wa ndani akaenda kukaa golini, na bado Hispania wakashinda 2-0. Mimi ningetoa nje na wengine wawili, nimesoma jinsi walivyokuwa wanachezeana. Ya mwisho wakamfunga Uholanzi 3-1, moja la Pichichi, bao lake pekee timu ya taifa. Wakaondoka na medali ya fedha.

Safari ya kurudi Zamora akakamatwa na sigara za Havana alizokuwa anapitisha kimagendo. Hiyo mfungulie uzi wake, huku umeme unaanza kuchezacheza.