Kikundi cha Ukoo: Masomo ya Watoto Shule Zikiwa Zimefungwa

Mombasa, Jumatano, Aprili 15, 2020

Mama Twaha, saa 2:10 usiku
Asalaam aleikum, jamaa zangu. Shule zimefungwa kwa sababu ya korona tangu katikati ya mwezi uliopita, na sasa kwa kuwa hata kuvuka kwenda Kwale kumepigwa marufuku, siwezi kumpeleka Twaha kwa Bi Mkubwa huko Msambweni kama ilivyo ada yetu kila likizo. Nimetumiwa orodha ndefu ya tovuti zinazosemekana ni za bure, nami sijui nianzie wapi. Twaha yuko Gredi ya Nne, dada yake Maimuna ni mtahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na simu ya kutumia ni moja, yangu.

Athumani, saa 2:14 usiku
Waaleikum salaam. Waache wajisomee YouTube, kwa kuwa kila somo liko huko na hakuna anayelipishwa.

Mwanaisha, saa 2:26 usiku
Kaka Athumani, kutazama hakulipishwi, lakini bando hulipishwa. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, ilhali riwaya nzima ya maandishi matupu kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja. Ndiyo maana mimi huwaambia wazazi wa darasani kwangu waanze na visivyohitaji intaneti kabisa: masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) yanayotangazwa na redio za KBC, na chaneli yao ya EDU kwa mwenye king'amuzi. Masomo hayo yanafuata mtaala wetu, jambo ambalo tovuti nyingi za kigeni haziwezi kukufanyia. Ukikosa kipindi, vingi vimewekwa YouTube, na hapo ndipo bando litumike.

Mama Twaha, saa 2:31 usiku
Maimuna redio itamfaa, maana anaandika haraka. Lakini Twaha hatulii mbele ya redio hata dakika tano.

Mwanaisha, saa 2:47 usiku
Kwa Twaha, fungua African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini wa hadithi fupi zenye picha, zikiwemo nyingi za Kiswahili. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu, na leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapisha na kugawa bila kuomba ruhusa, mradi utaje waliozitunga. Pakua chache kwa mkupuo mmoja, kisha zima data. Zitasomeka hivyo hivyo. Usimwachie simu akapekua picha tu, kwa sababu watoto wa umri wake humaliza hadithi nzima kwa dakika mbili na wasikumbuke hata jina la mhusika. Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, mwulize anadhani kuna nini katika picha, kisha funua asome kwa sauti na aone kama alikisia sawa. Akimaliza, aandike sentensi tatu za kuendeleza hadithi pale ilipoishia. Kwa burudani kuna chaneli mpya ya Akili Kids, iliyoanza kurusha matangazo Machi 31, na katuni za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, ambazo hufundisha hesabu kwa nyimbo.

Salma, saa 2:58 usiku
Shikamooni, Shangazi zangu. Sisi wa chuo kikuu tulipofungiwa, vitabu vya maktaba vilibaki maktabani, na kilichoniokoa ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ambayo tarehe 24 Machi iliondoa foleni ya kuazima kwenye vitabu vyake takriban milioni 1.4. Ningewashauri wanaokihitaji kitabu fulani wakiazime mapema, kwa kuwa waandishi na wachapishaji wanalalamika kwamba hakuna aliyewaomba idhini, nami naona wana hoja. Project Gutenberg haina mgogoro huo, kwa sababu vitabu vyake ni vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, ingawa vya Kiswahili huko ni haba mno. Maimuna akikwama kwenye hesabu za sehemu (fractions), tovuti ya Khan Academy inaeleza vizuri, na katika programu yao ya simu video zinaweza kupakuliwa zikatazamwa baadaye.

Athumani, saa 3:03 usiku
Na mwenye kabambe je? Jirani yangu ana watoto wanne na simu yake haina hata kamera.

Mwanaisha, saa 3:09 usiku
Swali zuri hilo, Kaka. Akiwa na laini ya Safaricom, apige *291# ajiunge na Shupavu, inayoleta masomo na maswali kwa ujumbe mfupi. Hata hivyo, redio bado ndiyo mwalimu wa watu wengi zaidi.

Bi Mkubwa, saa 3:15 usiku
Huku kwangu redio ipo na inasema vizuri. Niambieni saa ya somo la Twaha, nami nitasikiliza huku, kisha nitampigia nimwulize alichosikia.

Mama Twaha, saa 3:18 usiku
Ahsante, mama. Hapo atatulia, maana kwako hathubutu kudanganya. Kaka, nakuomba bando la wiki, nipakue hadithi na video za hesabu mara moja.

Athumani, saa 3:20 usiku
Nimekutumia. Maimuna awe anatuma majibu yake hapa kikundini tuyaone.

Mwanaisha, saa 3:22 usiku
Ayapige picha anitumie mimi peke yangu. Nikishasahihisha, nitampigia kila Ijumaa tupitie aliyokosa.