Naomba ushauri: njia ya ziada inakatika ikipakia kwenye Open Rails

Habari za jioni wadau. Niko Nakuru, natumia Open Rails (programu ya kuigiza uendeshaji wa treni) kwenye laptopu. Nimepakua njia ya ziada (reli ya kuendeshea treni pamoja na mandhari yake), nikaweka ROUTES, TRAINS, GLOBAL na SOUND ndani ya folda moja, kisha nikaisajili kwenye mipangilio. Jina la njia linaonekana, ila kupakia kunakatika katikati. OpenRailsLog.txt, faili ambamo programu huandika makosa, inataja vipande vya reli visivyopatikana. Nimebadilisha treni, hali ni ile ile. Nashuku tsection.dat (faili lenye orodha ya vipande vya reli) iliyo ndani ya GLOBAL ni ya zamani, maana njia nyingi hutegemea XTracks, yaani seti ya vipande vya reli vya ziada.

Je, nikibadilisha tsection.dat pekee inatosha, au lazima niongeze na maumbo ya XTracks kwenye GLOBAL\SHAPES? Bando ni ghali, nisingependa kupakua kila kitu upya. Na njia ya pili niipe folda yake na GLOBAL yake?