Dizaina ajifunze kuandika msimbo, au abaki na Figma yake?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dar, nilianza na mabango na kadi za harusi kwa Illustrator, na huu mwaka wa tatu nachora skrini za simu na tovuti kwa Figma. Ofisini niko na maprograma watatu. Kila nikiwapa kazi inatoka tofauti: nafasi zimebanwa, herufi si zile, maandishi yametoka nje ya kitufe. Nikiuliza naambiwa "haiwezekani", na sina cha kujibu maana sijui kama ni kweli. Bosi anataka nijifunze msimbo. Nina miaka 31 na familia, muda wangu ni usiku watoto wakishalala. Nahofia kugawa nguvu nikakosa huku na huku. Naombeni ushauri.

Fundi Pikseli:
Jifunze mkuu, ila HTML (inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa) na CSS (inayoupa mwonekano) tu kwanza, JavaScript, ile ya kuufanya utende kazi, iache. Kwenye Figma unachora fremu ya upana mmoja, tuseme pikseli 390. Mteja ana simu ya 360, mwingine kakuza herufi kwa sababu ya macho. Hayo utayaona kwenye kivinjari (browser). Na lugha pia: kitufe ulichopimia "Next" kikija "Endelea" maandishi yanamwagika, kwa sababu ulikipa upana wa kudumu badala ya nafasi ya ndani. Kama unatumia Auto Layout, ile ya Figma inayojipangia vitu yenyewe, basi Flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu, haitakuwa ngeni kwako, mantiki yake ni ileile.

Mama Wawili:
Mimi nina miaka minane kwenye kazi hii na siandiki msimbo. Kaka, unakabidhi picha bila maelezo. Umewachorea orodha ikiwa tupu? Mtandao ukikatika? Jina la mteja likiwa refu? Usipochora, programa anajaza mwenyewe. Usiku wako mmoja utumie kuhakikisha vitufe vina angalau 48 dp (kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kwa Android na maandishi ya kawaida yanafikia utofauti wa rangi wa 4.5:1 na mandharinyuma yake, yasomeke. Hayo ni ya kwako, hakuna atakayekufanyia.

Programa wa Mbeya:
Dada kasema kweli, lakini naomba nimtetee Fundi. "Haiwezekani" yetu mara nyingi ni "muda hautoshi". Dizaina anayejua CSS kidogo anaulizia gharama, tunapata njia ya kati. Mfano fonti: kila uzito (unene wa herufi) unaochagua kwa kawaida ni faili jingine, na mtumiaji analipakua kwa bando lake. Mkuu, fungua tovuti yenu kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza kulia kwenye hizo herufi, chagua Inspect, utaona msimbo wake. Badilisha chochote, ukipakia upya ukurasa kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Mtoa mada:
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Nimefanya Inspect usiku huu. Vichwa vya habari nilivichora kwa uzito wa 500, na msimbo wao umeandika 500 kweli. Ila mafaili ya fonti yaliyopakiwa ni ya 400 na 700 tu, kwa hiyo kivinjari kinachukua 400. Miezi yote hii nilidhani wananidharau. Mama Wawili, skrini za orodha tupu sijawahi kuchora hata moja, naanza nazo kesho. HTML naanza Jumamosi.

Programa wa Mbeya:
Kabla ya kuomba faili la 500, jaribu kwanza 700 kwenye hivyo vichwa. Huenda ikatosha.