Laptopu haiwaki, fundi anataka kubadilisha mazabodi. Nimpe?

Mtoto wa Pasua: Wakuu heshima kwenu. HP yangu imezima ghafla, hakuna taa, hakuna feni, kimya. Nimejaribu chaji ya jirani, wapi. Fundi hapa Moshi mjini anasema mazabodi imekufa, nitoe 280,000 aweke nyingine. Ndani kuna ripoti ya chuo. Nishaurini, nimechanganyikiwa.

Dereva wa Noah: Uza spea, ongezea hela, chukua mtumba. Mimi yangu ilizima Himo nikiwa na abiria, nikaiuza hapohapo kwa abiria.

Mama Kiboriloni: Ripoti ya chuo, na hukujitumia hata kwa baruapepe? Vijana jamani.

Waya Mwekundu: Mazabodi haifi hivihivi. Ilianguka? Ilimwagikiwa?

Mtoto wa Pasua: Haijaanguka.

Waya Mwekundu: Nimeuliza mawili.

Mtoto wa Pasua: Kulikuwa na kipaimara Kibosho, ndiyo ilikuwa inapiga muziki. Mjomba akaimwagia mbege. Kidogo tu! Niliifuta, ikaendelea kupiga. Baadaye nikaizika kwenye mchele.

Waya Mwekundu: Mchele hautoi sukari. Mbege imeshuka chini ya kibodi, na umeme ukipita kwenye unyevu shaba inaliwa. Toa betri, usichomeke chaji tena. Fundi apime kwanza: zile volti 19 na ushee zinavuka mosfeti za mwanzo, zile swichi za kupitisha umeme? Kisha apime omu, yaani ukinzani, kati ya njia hiyo na hasi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna kapasita, kile kidude cha kuhifadhi umeme, imepiga shoti. Anaingiza volti 1 hivi, anapaka spiriti. Panapopata moto na kukauka kwanza ndipo penye ugonjwa. Asihukumu kwa koili za prosesa, pale kusoma chini ni kawaida. Mazabodi nyingi nzima hutupwa kwa kosa hilo.

Mtoto wa Pasua: Ila nimeshampa nusu. Na duka lake halikosi watu. Halafu nikichomeka, taa ya chaji inawaka kidogo inazima, si imekufa kweli?

Kijana wa Sakina: Ngoja. Juu kule "hakuna taa", sasa inawaka inazima. Mjomba, mbege, ripoti... Hii chai wakuu, leteni vitafunwa.

Dereva wa Noah: Kipaimara chenyewe mwezi gani huu?

Mama Kiboriloni: Askofu akifika ndiyo kipaimara. Wewe kanisani unaenda lini?

Waya Mwekundu: Chaji ikiona shoti inajizima, ndiyo maana taa inakata. Chai au si chai, weka picha ya upande wa tundu la chaji.

Mtoto wa Pasua: *(picha)* Niliipiga alipoifungua.

Kijana wa Sakina: Mh. Hizo ni pumba za ulezi wa mbege?

Waya Mwekundu: Ndizo, na ule ukijani ni kutu ya shaba. Hapo panasafishika. Diski itolewe ukae nayo wewe. Kama ina BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48, mazabodi mpya itauulizia.

Mtoto wa Pasua: Nimempigia. Anasema hela ya spea ameshaituma Arusha.

Dereva wa Noah: Mpigie mjomba.