Wanafunzi wanabandika madondoo, hawayafumi kwenye sentensi zao. Mnafundishaje hili?

Mwl_Fasihi
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha fasihi sekondari. Insha za uhakiki zinakuja na madondoo marefu, mistari mitano au sita, kisha chini yake sentensi moja: "Hii inaonyesha kuwa mhusika ana upweke." Ukiwaambia wafupishe, wanakata popote na sarufi inavurugika. Naomba hatua za kufuata darasani, siyo nadharia. Ili tuzungumze jambo moja, natunga kifungu cha mazoezi, mhusika ni Sefu:

*Nimejenga nyumba hii kwa mikono yangu. Leo naingia kama mgeni, nabisha hodi kwenye mlango nilioupachika mwenyewe. Nyumba yangu imekuwa kaburi lenye madirisha.*

Kalamu_Nyekundu
Mwalimu, geuza mpangilio wa kazi. Wengi huanza na dondoo kisha wanatafuta la kusema juu yake. Waanze na hoja yao, kitabu kikiwa kimefungwa: *Sefu anajihisi amekufa ndani ya nyumba yake.* Hapo ndipo wafungue kifungu watafute maneno mawili hadi sita ambayo wao wenyewe wasingeweza kuyasema vizuri zaidi. "Nimejenga nyumba hii" halifai, kwa kuwa hiyo ni habari tu na yeyote anaweza kuieleza kwa maneno yake. "Kaburi lenye madirisha" linafaa, maana ukilibadilisha unapoteza kitu.

Sasa waiandike upya sentensi, maneno ya mwandishi yachukue nafasi ya maneno yao:

*Sefu anaiona nyumba yake kuwa "kaburi lenye madirisha": amezikwa humo, ila bado anawaona walio hai wakipita nje.*

Tazama kinachofuata koloni. Mwanafunzi hakurudia kwamba Sefu ana upweke, amelishika neno *madirisha* akalifanyia kazi. Dondoo refu humnyima nafasi hiyo kwa sababu hajui ashike neno lipi, ndiyo maana anakimbilia "hii inaonyesha".

Kupima ni rahisi. Mmoja asome sentensi kwa sauti bila kutaja alama za mtajo, mwenzake asikilize bila kuangalia karatasi. Akisikia sentensi imekwama mahali, mshono umeachia.

Bibi_Sarufi
Naongezea upande wa sarufi, kwa sababu huko ndiko kunakoharibika, na makosa yenyewe hayazidi matatu.

La kwanza ni kukata katikati ya upatanisho. Mwanafunzi anaandika: *Nyumba ya Sefu ni "lenye madirisha".* Kivumishi kimebaki na ngeli ya *kaburi*, nomino imeachwa kitabuni. Kanuni: ukitaka kivumishi, chukua na nomino yake.

La pili ni "kwamba". *Sefu anasema kwamba "nimejenga nyumba hii".* Kwamba inaanzisha usemi wa taarifa, halafu ghafla tunasikia usemi halisi. Ama aondoe kwamba na kuweka koloni, ama aandike kwamba ameijenga nyumba hiyo na kubakiza "kwa mikono" tu ndani ya alama.

La tatu, nafsi. Kwetu nafsi imeshikana na kitenzi, kwa hiyo *mlango "nilioupachika mwenyewe"* ukiachwa hivyo unasomeka kana kwamba mwanafunzi ndiye fundi. Njia zipo tatu, nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Akiepuke kitenzi, achukue kirai: *anaingia kwake "kama mgeni"*. Au aweke koloni, Sefu aseme mwenyewe: *Uchungu unazidi anapofika mlangoni: "nabisha hodi kwenye mlango nilioupachika mwenyewe".* Mwisho kabisa ni mabano ya mraba: *"[a]lioupachika mwenyewe"*. Mabano ni halali, lakini insha yenye mabano kila mstari haisomeki.

Kalamu_Nyekundu
Nakubaliana na Bibi. Ila ukiweka ukomo wa maneno sita, jiandae na ugonjwa mwingine wa kudonoadonoa: *Sefu ni "mgeni" kwenye "mlango" wa "nyumba" yake.* Alama tatu, hakuna hata neno moja lenye uzito. Mwulize: ukiondoa alama hizi, msomaji atakosa nini? Akijibu hakuna, ziondolewe. Dondoo moja kwa hoja moja linatosha, la pili liingie likiwa na kazi tofauti.

Mwl_Fasihi
Shukrani sana. Na ushairi? Huko wanafunzi wangu "wanasahihisha" mshairi.

Bibi_Sarufi
Hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Chukua mshororo huu wa kutunga: *Alinijia ja mwezi, kumbe wake moyo kiza.* Vipande viwili, mizani (yaani silabi) 8 kwa 8. Mwanafunzi akiandika "kama mwezi" badala ya "ja mwezi", ukwapi, yaani kipande cha kwanza, unakuwa na mizani 9, nawe ukihesabu utagundua. Akiandika "moyo wake", mizani zinabaki 8, kosa linapita kimyakimya. Lakini mkazo ulioletwa na *wake* kutangulia umepotea, na pengine hiyo ndiyo hoja aliyopaswa kuiona. Kilicho ndani ya alama hakiguswi hata herufi.

Kuingiza ni kulekule: *Mpenzi aliyekuja "ja mwezi" anageuzwa katika mshororo uleule: "kumbe wake moyo kiza".* Mishororo miwili ikikaa ndani ya sentensi, itenganishwe kwa mkwaju (/). Ikizidi hapo ni bora iteremshwe, ipangwe kama ilivyo kwenye shairi.

Na wakumbushe kuwa anayesema hapo ni nafsineni, yaani msemaji wa ndani ya shairi, siyo mshairi, kama ambavyo kwenye kifungu chako anayesema ni Sefu. "Mwandishi anasema nyumba yake ni kaburi" ni kosa la uhakiki, siyo la lugha.

Chaki_na_Ubao
Nimechelewa. Kwa kipindi cha dakika 40: dakika 5 hoja kwa sentensi moja; 10 kuchagua maneno na kuyapigia mstari; 10 kuandika sentensi ile ile kwa namna mbili, dondoo likiwa mwanzoni kisha mwishoni; 15 kusomeana wawili wawili na kurekebisha. Usiwape insha nzima siku hiyo. Wakati wa kurekebisha watazame pia kitenzi cha kutambulisha. *Anasema* kinatumika hadi kinachosha, na Sefu hapa hasemi tu, *analalama*. Ila *anajigamba* kingepotosha, hata kama ametaja mikono yake.

Mwl_Fasihi
Nitaanza na hiyo ya namna mbili. Swali dogo: namba ya ukurasa ikae wapi dondoo likiwa mwishoni?

Chaki_na_Ubao
Baada ya alama ya kufunga, kabla ya nukta: *… "kaburi lenye madirisha" (uk. 14).* Nukta ni ya sentensi ya mwanafunzi, kwa hiyo isiingie ndani ya alama. Dondoo likiishia kwa alama ya kuuliza, hiyo ni ya mwandishi, inabaki ndani.