Mshumaa wa nta na mafuta ya nazi haugandi, nakosea wapi?

bint_kisauni
Asalam aleikum jamani. Naomba msaada manake nshaharibu nta ya kutosha. Mamangu kifua chake hakipatani na moshi, koroboi sitaki hata kuiona, na huku kwetu stima ikipotea jioni lazima tuwashe kitu, kwa hivyo nkasema nijifunze kutengeneza mishumaa ya nta ya nyuki. Nlinunua nta nusu kilo imetoka Kitui, nkaiyeyusha na mafuta ya nazi tunayopika wenyewe, nusu kwa nusu, nkamimina kwenye vifuu kwa vile vipo tele hapa uani. Usiku imeshika vizuri. Kesho yake saa saba mchana naenda kutizama pale dirishani, imekuwa kama siagi, nkibonyeza kidole kinazama na utambi umelala. Nkiuwasha unawaka dakika kumi hivi alafu moto unazama kwenye mafuta na kuzimika. Utambi ni uzi mweupe wa cherehani nimeukunja mara mbili.

mzee_wa_mizinga
Aleikum salaam mwanangu. Nta yako haina makosa, ni hayo mafuta yamezidi. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye digrii 24 au 25, na hapa Mombasa wakati huu wa kaskazi mchana joto linapita hapo, ndio maana kwenye chupa yanakuwa maji. Nta ya nyuki yataka digrii 62 mpaka 64. Sasa ukitia nusu kwa nusu umeidhoofisha nta mwenyewe. Wale wanaofundisha vipimo hivyo kwenye video wako nchi za baridi, kwao mafuta ya nazi ni kigae. Mimi nta gramu 200 natia mafuta gramu 20 tu, basi, na ukitaka mshumaa wa kusimama bila chombo usitie kabisa.
Usiitupe hiyo. Iyeyushe tena uiongeze nta. Sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, moto mdogo, usiweke nta juu ya jiko moja kwa moja manake nta haitokoti ikakuonya kama maji, inazidi kupata moto kimyakimya mpaka iwake. Na ikiwaka funika na mfuniko, maji usimwage hata tone.

mama_asumini
Dada, na huo uzi pia. Nta ya nyuki ni nzito, yataka utambi mnene, uzi wa cherehani hauwezi kuivuta. Tena nyingi za skuhizi ni nailoni. Choma ncha uone, pamba inaacha jivu, nailoni inajikunja inakuwa kishanga kigumu. Tafuta uzi mnene wa pamba, suka nyuzi tatu kama unavyosuka nywele, uchovye kwenye nta ya moto, uunyooshe ukiwa bado laini, uuache ukauke umenyooka. Moto ukichimba shimo katikati, utambi ni mwembamba, ukitoa moshi mweusi ni mnene au mrefu mno, ukate ubaki kama nusu sentimita. Kwa kifua cha mama hapo ndipo pa kuangalia sana, manake hata nta safi inatoa masizi utambi ukiwa mrefu.
Ukitaka harufu usitupie maua mabichi ndani, yana maji, yatalipuka-lipuka. Mimi naloweka asumini kwenye yale mafuta ya nazi kidogo, kila jioni natoa ya jana natia mapya, siku nne tano hivi, alafu nayachuja vizuri. Harufu haiwi kali lakini ukiingia chumbani unaijua.

kaka_bamburi
Kuhusu vifuu jamani, kifuu si ndicho tunachotengenezea makaa? Mshumaa ukifika chini kinaweza kushika moto. Kifanye kalibu tu, ukipake mafuta kidogo ndani, mshumaa ukiganda uutoe uuweke kwenye kisahani cha udongo. Ama tumia gilasi nene za jemu.

bint_kisauni
Nimerudi. Mzee shkamoo, nimefanya kwa kipimo chako, na uzi ulikuwa nailoni kweli, umejikunja vile vile dada alivyosema 😭 Nimepata wa pamba, nkasuka tatu. Mmoja uko dirishani tangu juzi na haujainama, jana stima ilipotea nkawasha wa gilasi kwa mama kama masaa mawili, nta imeyeyuka karibu mpaka ukingoni na hakukohoa. Sasa dada asumini, hayo maua ukishayatoa wayatupa ama yana kazi nyingine?