Mvinyo wa Pantelleria: hii "Zibibbo" ndo zabibu yetu?

Mhudumu_Njiro: Wakuu habari za jioni. Niko kaunta hotelini hapa Arusha, juzi mgeni Muitaliano kanionjesha mvinyo wake, rangi ya asali, mtamu kweli kweli, kwenye chupa wameandika Passito di Pantelleria na chini Zibibbo. Sasa hiyo Zibibbo ndo zabibu au nimejichanganya? Na wanatia sukari?

MamaGlory_Uru: Hujajichanganya mdogo wangu. Neno ni la Kiarabu, zabib, yaani zabibu kavu, sisi tumelipata pwani na wao kisiwani kwao Pantelleria maana Waarabu waliwahi kukitawala. Kisiwa ni cha Italia ila kiko karibu na Tunisia kuliko Sicily, kilomita kama 70 tu.

Sukari ni jua hilo. Wanavuna Agosti, wanaanika wiki mbili tatu mpaka zinasinyaa, halafu wanazitia kwenye juisi ya zabibu mbichi inayochachuka, utamu wote unaingia humo.

Ila mimi kinachonigusa ni ule upepo. Kisiwa cha volkano, mawe meusi kama ya huku kwetu mlimani, upepo unapiga karibu mwaka mzima, kwa hiyo mzabibu hawauinui kwenye nguzo na waya, wanachimba kishimo wanaupanda humo wanaukata ubaki mfupi kama kichaka, unajificha upepo na unapata umande wa usiku maana mvua ni chache mno. Kazi yote mkono! 2014 UNESCO waliuingiza ujuzi huo kwenye urithi. Hata mchungwa mmoja utakuta umejengewa ukuta wake wa mawe wa mviringo, peke yake.

Kibo77: Dada shikamoo. Nina heka moja Mwanga, upepo unanitesa kweli, naweza kuiga hivyo vishimo?

MamaGlory_Uru: Marahaba. Jaribu miche michache kwanza, masika maji yasije yakatuama mizizi ikaoza, wenzetu hawana masika.

Makutupora_kwetu: Na kuanika je, Dodoma tunavuna mara mbili, ya Februari Machi usijaribu, mvua, utapata ukungu tu, ila ya Agosti Septemba inaangukia kiangazi kikavu kabisa, nashangaa hatufanyi. Mhudumu hebu muulize huyo mgeni kabla hajaondoka, wanaanika juu ya mkeka au juu ya mawe?